Injini ya hewa moto haizunguki? Usikimbilie kuongeza moto

Karibu kila mtu anayetengeneza injini hii mara ya kwanza anapita njia ileile. Anawasha mshumaa, anasukuma flaiwili, yaani lile gurudumu zito linaloendeleza mzunguko, haiendi, anaongeza mshumaa wa pili, haiendi, analeta kijiko cha spiriti, na baada ya dakika kumi puto limeungua, gundi imelainika, kopo limekuwa jeusi na bado injini haijazunguka hata mara moja. Mimi pia nilipita hapo na nikaunguza makopo mawili kabla sijaelewa. Nguvu inayotoka kwenye kopo la kawaida ni kidogo mno, ni sehemu ndogo tu ya wati moja, kwa hiyo injini inayogoma mara nyingi haijakosa moto, imeshindwa kutunza kile kidogo ilichopata. Kinavuja kwenye tundu fulani, au kinaliwa na msuguano, au upande wa juu umeshapata joto kama wa chini na hakuna tofauti tena. Haya matatu yanarudi kila mahali huko chini kwa sura tofauti.

Naongelea ile aina ya makopo ambayo wengi tunaanza nayo: kopo refu la bati linachomwa chini na kupozwa juu, ndani kuna disiplesa, yaani ule mtungi mwepesi usiogusa kuta ambao kazi yake ni kuhamisha hewa tu, mara iende chini kwenye moto mara irudi juu kwenye baridi. Disiplesa haisukumwi na hewa na haitoi nguvu yoyote. Nguvu inatoka kwenye pistoni ndogo ya pembeni, au puto lililovutwa juu ya kipande cha bomba, ambalo linavimba hewa ikipata joto na kunywea ikipoa. Vyote viwili vimefungwa kwenye krenki moja, yaani ule waya uliokunjwa unaozungusha flaiwili, vimepishana digrii 90, disiplesa ikitangulia.

Majaribio mawili ya kufanya kabla ya kugusa kitu kingine

La kwanza fanya injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha flaiwili taratibu kwa kidole. Unatakiwa usikie inakuzuia kidogo, na ukiiachia njiani inarudi nyuma kama springi. Ikienda laini mzunguko mzima bila kukuzuia popote, hewa inatoka mahali. Ikikuzuia lakini ukiiachia inakaa palepale bila kurudi, huo ni msuguano.

La pili ndilo muhimu kuliko yote kwenye maandishi haya, naomba usiliruke. Toa konrodi ya puto na ile ya disiplesa, yaani vile vifimbo vinavyounganisha kila kimoja na krenki, washa moto, subiri dakika mbili tatu, alafu nyanyua fimbo ya disiplesa kwa mkono mpaka juu. Hewa inashuka kwenye moto, puto linatakiwa livimbe ndani ya sekunde moja hivi. Shusha disiplesa, puto linywee. Nyanyua tena, shusha tena. Puto likicheza juu na chini kila unapofanya hivyo, upande wa hewa na joto uko sawa, na tatizo lako liko kwenye chuma: krenki, msuguano, mpangilio. Puto lisipocheza hata ukifanya mara ishirini basi achana na krenki kabisa, huko hakuna ugonjwa, tatizo liko ndani ya kopo au kwenye sehemu zake za kuziba hewa. Watu wanapoteza siku nzima wananyoosha krenki wakati kopo linavuja, na hili jaribio la dakika tatu lingewaambia.

PUTO HALICHEZI KABISA UKINYANYUA DISIPLESA

Sababu namba moja ni kuvuja, na mahali namba moja pa kuvuja ni kile kitundu cha juu ambapo fimbo ya disiplesa inapita. Watu wengi wanatumia spoki ya baiskeli ambayo ina unene wa kama milimita 2, wanatoboa mfuniko kwa drili ya 2.5 au hata 3 ili ipite kirahisi, na hewa yote inatokea hapo. Mfuniko wa bati wenyewe hauwezi kuziba kwa sababu ni mwembamba, unahitaji bushi, yaani kibomba kirefu cha shaba cha milimita 25 mpaka 30 ambacho spoki inapita ndani yake bila kucheza pembeni. Urefu ndio unaoziba. Ukisogeza spoki kushoto kulia na ukaona inacheza wazi wazi, tafuta kibomba kingine. Tone moja la oili ya cherehani kwenye bushi linasaidia sana kuziba, tone moja tu, na usitumie grisi, grisi itaziba kweli lakini itaishika fimbo na utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka kuvuja kwenda msuguano.

Kwingine pa kuangalia kwa mpangilio huu: mkanda wa gundi kati ya kopo na mfuniko, shingo ya puto pale linapofungwa kwenye bomba, kiungo cha bomba na kopo, na mwisho kabisa mshono wa kopo lenyewe. Kupata tundu ni rahisi, pulizia hewa kidogo kwa mdomo kupitia mrija huku umepaka povu la sabuni kila kiungo, panapovuja patatoa mapovu. Fanya hili injini ikiwa baridi na moto umezimwa. Na baada ya hapo iache ikauke, maji yakiingia ndani yatageuka mvuke ukiwasha na utapata tabia za ajabu ambazo hazieleweki.

Ukishahakikisha haivuji na bado puto halichezi, angalia disiplesa. Nafasi kati yake na ukuta wa kopo iwe kama unene wa njiti ya kibiriti, milimita 2 hivi pande zote. Ikiwa na nafasi ya milimita 6 au 7, hewa nyingi inakaa tu pembeni, haihami. Urefu nao ni shida kubwa, nimeona disiplesa fupi kama kikombe cha kahawa ndani ya kopo refu, hiyo haihamishi chochote cha maana. Hesabu ninayotumia ni hii: theluthi mbili za urefu wa ndani ni disiplesa, theluthi moja ni mwendo wake, na unaacha milimita 2 juu na 2 chini isiguse. Kopo lenye urefu wa ndani milimita 120 linapata disiplesa ya 78 na mwendo wa 38, jumla 116, zinabaki 4 za kugawana juu na chini.

Kama disiplesa yako ni ya stilwuli ya kusugulia sufuria, angalia isiwe imesokotwa legelege mpaka unaona mwanga upande wa pili. Stilwuli ni nzuri, hewa ikipita ndani yake inaacha joto ikienda juu na kulichukua tena ikirudi chini, na hicho ndicho kitu ambacho mchungaji Robert Stirling wa Uskoti alikiweka kwenye hati yake ya ubunifu ya mwaka 1816. Lakini ikiwa legelege sana hewa inapita katikati bila kusukumwa. Ikaze kidogo, na hakikisha nyuzi hazijatokeza pembeni zikakwaruza ukuta.

Halafu kuna bomba la kwenda kwenye puto. Likiwa refu na jembamba kama mrija wa kunywea, nguvu inafia njiani. Lifupishe uwezavyo, na litoe upande wa juu wenye baridi, sio chini kwenye moto, kwa ajili ya usalama wa puto pia.

PUTO LINACHEZA VIZURI KWA MKONO, LAKINI UKIFUNGA KRENKI INJINI HAIENDI

Hapa ndipo wengi wanapokwama na ndipo nitakaa zaidi.

Anza na msuguano. Toa konrodi ya puto, acha disiplesa ikiwa imefungwa, na toa puto lenyewe kabisa ili hewa itoke bure. Sukuma flaiwili kwa kidole. Kama inazunguka mara kadhaa na kusimama polepole, sawa. Kama inazunguka mara moja na kusimama ghafla, toa na disiplesa, sukuma tena flaiwili ikiwa peke yake na krenki yake. Sasa ikizunguka sana basi mkosaji ni disiplesa au bushi yake, na isipozunguka sana hata ikiwa peke yake mkosaji ni vishikio vya krenki. Kazi ni kutoa kitu kimoja kimoja mpaka kugoma kuondoke. Ukiona unabahatisha, rudi mwanzo wa jaribio.

Kwenye vishikio kosa la kawaida ni matundu mawili yasiyotazamana. Umetoboa upande mmoja kwa jicho na mwingine kwa jicho, moja liko juu milimita 2, krenki inabanwa kila mzunguko. Dawa ni kupanua tundu moja kidogo na kuweka kibomba au washa ndani yake ukiwa umeshapitisha waya ulionyooka, ndipo unapaka gundi, ili vyenyewe vijipange. Kosa la pili ni krenki iliyopinda. Ukiikunja kwa plaizi kutoka kwenye waya inabidi sehemu zote za katikati zilale kwenye mstari mmoja, iweke juu ya kioo au meza iliyonyooka uone panapoinuka. Krenki inayoyumba milimita moja inaweza isionekane kwa macho lakini injini inaisikia.

Disiplesa ikikwaruza ukuta utaisikia, weka sikio karibu uizungushe polepole. Mara nyingi fimbo haijasimama wima katikati ya disiplesa. Usijaribu kuipinda ikiwa ndani, fungua, itoe, inyooshe nje.

Sasa mpangilio wa krenki. Mkono wa disiplesa na mkono wa puto vipishane digrii 90. Watu wanakosea kwa 20 au 30 kwa sababu wameikunja kwa macho, na injini ya kopo inavumilia makosa ya digrii 10 hivi lakini sio 40. Ikiwa digrii 0 au 180 haitazunguka kamwe hata uweke moto wa namna gani, itakuwa inasukuma na kujizuia yenyewe kwa kiasi kilekile. Chukua karatasi, kunja kona yenye pembe mraba, iweke kwenye ncha ya krenki uangalie.

Alafu urefu wa mkono wa krenki. Hili linawapiga hata watu makini. Mkono wa krenki ni nusu ya mwendo. Ukitaka disiplesa itembee milimita 38, mkono unakuwa 19, sio 38. Ukiweka 38 disiplesa itagonga chini na juu au haitazunguka kabisa. Kwa upande wa puto kosa ni kinyume chake, watu wanataka liende juu sana kwa kuwa wanaliona linavimba vizuri, wanaweka mkono wa milimita 15 na injini inashindwa kulivuta. Anza na 5, ikizunguka panda hadi 6, 7, 8, usimame pale inapoanza kuchoka. Mwendo mfupi unaozunguka una faida kuliko mrefu uliosimama, na ukiona inakimbia vizuri kwenye 5 utakuwa tayari unajua kila kitu kingine kiko sawa.

Cha mwisho hapa ni uzito. Kopo tupu la soda la mililita 330 lina kama gramu 13 hadi 15, hiyo ni disiplesa nzuri. Kopo la bati la uzito wa gramu 60 linahitaji uzito wa kulipiza upande wa pili wa krenki, la sivyo flaiwili inakuwa inalinyanyua kila mzunguko. Ukiachia flaiwili bila moto na kila mara inasimama disiplesa ikiwa chini, ongeza nati moja moja upande wa pili mpaka isimame popote.

INAZUNGUKA MARA TANO SITA ALAFU INASIMAMA

Hii ni habari njema, injini imekaribia. Sababu ya kwanza ni msuguano mdogo uliobaki, rudia majaribio ya hapo juu. Ya pili haijapata joto la kutosha, na hapa ndipo subira inaruhusiwa, kopo la bati linataka dakika tatu mpaka tano kabla hujaanza kusukuma. Ya tatu flaiwili ni nyepesi, kama ni ya CD moja ni nyepesi mno, weka mbili au tatu na ubandike nati kuzunguka ukingo kwa umbali sawa. Uzito uwe ukingoni, katikati hausaidii kitu.

Ya nne ni ndogo lakini imenichukua muda mrefu kuijua: hewa iliyofungiwa ndani wakati kopo ni baridi inapanuka ukiwasha, na puto linapanda lote na kubaki juu, kwa hiyo konrodi inalivuta chini mzunguko mzima. Dawa yake iko kwenye sehemu ya puto huko chini.

INAANZA VIZURI, BAADA YA DAKIKA KADHAA INAPUNGUA MPAKA INASIMAMA

Shika upande wa juu wa kopo kwa uangalifu, au dondoshea tone la maji. Likichemka papo hapo umepata jibu. Bati linapitisha joto kutoka chini kwenda juu, na ile tofauti inayoendesha injini imekwisha. Kuongeza moto hapa ndio unaua kabisa. Weka kipozeo, kopo pana lililokatwa na kugundishwa kuzunguka sehemu ya juu, jaza maji, badilisha yakipata moto, weka barafu kama ipo. Watu wanashangaa kuona injini inaongeza kasi kwa kumwagiwa maji baridi juu wakati moto ni uleule, lakini ndivyo ilivyo, kwa hii injini maji ya juu yana haki sawa na moto wa chini.

Kama juu ni baridi na bado inachoka, angalia gundi. Epoksi ya kawaida inaanza kulainika hata kabla ya joto la maji yanayochemka, silikoni ya injini za magari inavumilia mpaka digrii 250 hivi, na risasi ya kulehemu yenye bati na risasi inayeyuka kwenye digrii 183. Kwa hiyo kiungo chochote kilicho karibu na moto kisiwe cha epoksi wala cha risasi ya kulehemu. Kosa la hapa linaonekana kama kuvuja kunakokuja na kuondoka, ikiwa baridi inaziba, ikiwa moto inaachia.

Na angalia chini ya kopo. Likishakuwa jekundu na kutoa magamba, limeanza kutoboka. Jambo hili ni la zamani kuliko sisi wote. Mwaka 1843 Stirling na mdogo wake James waliweka injini kubwa ya hewa kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma mjini Dundee, ikaendesha mashine zote, lakini silinda ya upande wa moto iliharibika mara tatu ndani ya miaka minne na mwaka 1847 ikaondolewa wakarudisha ya mvuke. Injini ilikuwa nzuri, chuma cha wakati ule ndicho kilichoshindwa. Sasa kopo la soda la alumini ni jembamba sana na alumini inayeyuka kwenye digrii 660, moto wa mkaa uliopulizwa unafika huko bila shida, kwa hiyo usitumie kopo la alumini kama kopo la nje la kuchomwa. Litumie ndani kama disiplesa tu, na uliweke kitundu kidogo cha sindano ili hewa yake isivimbe ikatanua kuta.

INAZUNGUKA KINYUME NA ULIVYOTAKA

Sio ugonjwa. Mkono wa puto uko upande wa pili wa disiplesa, uhamishe digrii 180 na itageuka. Kumbuka tu kwamba injini hiyohiyo ukiiweka juu ya barafu badala ya moto nayo itazunguka kinyume, kwa sababu upande wa moto sasa ni wa juu.

INAGONGA

Mlio mmoja kila mzunguko, disiplesa inagonga chini au juu. Ondoa moto, zungusha polepole, sikiliza iko wapi, refusha au fupisha fimbo milimita moja moja. Kama inagonga ikiwa imepata moto tu na sio ikiwa baridi, fimbo au disiplesa imerefuka kwa joto, iongezee nafasi ya chini. Milio miwili ya haraka haraka ni konrodi yenye tundu kubwa kwenye krenki, weka kibomba cha plastiki cha waya wa umeme ndani ya tundu na kelele itaisha.

INATETEMEKA NA KUTEMBEA MEZANI

Flaiwili imekaa upande au haina uwiano. Funga injini kwenye ubao, sawazisha flaiwili. Usiipuuze kwa sababu ni ya kuchekesha kuitazama ikitembea, chini yake kuna moto.

PUTO LINABAKI LIMEVIMBA, AU LINAPASUKA

Ukiona puto limepanda juu na halishuki hata disiplesa ikiwa chini, hewa ya ndani imezidi baada ya kupata joto. Acha injini ipate moto kamili, alafu legeza ukingo wa puto sekunde moja hewa ya ziada itoke, funga tena. Wengine wanaacha kitundu kidogo cha ncha ya sindano makusudi, kinapunguza nguvu kidogo lakini injini inajipanga yenyewe na mimi naona kwa mtu anayeanza ni sawa kabisa. Kitundu kiwe cha sindano kweli, sio cha msumari.

Puto lililovutwa sana kama ngoma linakula nguvu, lililolegea sana linajikunja na kuvimba pembeni bila kusukuma konrodi. Livute kiasi tu, na katikati gundisha kipande kigumu cha duara, kifuniko cha plastiki chenye upana wa nusu ya bomba, ili msukumo wote uende kwenye konrodi. Kipande cha glavu nene ya mpira kinadumu kuliko puto la sherehe. Likipasuka mara kwa mara mahali pamoja, pana ncha kali kwenye ukingo wa bomba, piga msasa. Likipasuka kwa kuwa gumu na kukatika, limepata joto, lisogeze mbali na kopo.

Ukihamia kwenye bomba la sindano la kioo badala ya puto, ambalo kwa kweli ni bora, usiweke oili nene ndani. Safisha kwa spiriti, kausha, kwaruza unga wa penseli upake kidogo. La plastiki lenye mpira mweusi linashika mno, hilo liache.

INAZUNGUKA VIZURI ILA HAIWASHI HATA KITAA

Naomba nikuambie ukweli hapa ili usivunjike moyo. Kopo lenye puto halitachaji simu. Kitaa kimoja kidogo cha LED kinawezekana, kwa mota ndogo ya mchezeo inayotumika kama dainamo, ukanda wa mpira mwembamba, na flaiwili kubwa inayozungusha puli ndogo ya mota, maana mota hiyo inataka kasi. Kama injini inasimama mara tu ukifunga ukanda, ukanda umekaza sana au mota yenyewe ni nzito kuzungusha, jaribu mota ya kwenye kisomeo cha CD. Kupata nguvu zaidi ni kuongeza ukubwa wa kopo, kupoza zaidi na kupunguza kuvuja, kwa mpangilio wa kinyume na huo niliouandika.

ILE YA BAPA INAYOKAA JUU YA KIKOMBE CHA MAJI MOTO HAIENDI

Hii ina tofauti ndogo sana ya joto kwa hiyo haina msamaha wowote. Mkono wa krenki wa pistoni uwe mfupi sana, milimita 2 au 3 tu, kwa sababu hewa inayohamishwa na disiplesa inatakiwa iwe makumi ya mara ya ile ya pistoni. Kuta za pembeni ziwe plastiki, sio chuma, joto lisipande. Sahani za juu na chini zikijikunja disiplesa itagusa. Na disiplesa ya povu jeupe gumu, lile la kufungashia vitu, ni kwa maji moto tu, usiiweke hata sekunde juu ya mshumaa, inayeyuka na moshi wake ni mbaya.

HAPA SIMAMA

Spiriti inawaka kwa moto usioonekana mchana. Watu wameungua kwa kujaza tena kijiko wakidhani kimezimika. Kifunike, subiri kipoe, ndipo ujaze, na chupa ya spiriti ikae mbali. Ukiungua weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, na kama malengelenge ni makubwa au ni usoni au mkononi nenda hospitali.

Mkaa usiutumie ndani ya chumba. Hewa yake inaua bila harufu.

Bati lenye rangi ya fedha yenye mabaka, lile la mabati ya paa na ndoo, lina zinki, ukilichoma moshi mweupe wake unaleta homa. Usilitumie upande wa moto. Makopo ya bati ya rangi na ya vinywaji yana rangi nje na utando wa plastiki ndani, piga msasa nje na yachome mara ya kwanza uwanjani ukiwa umesimama upande upepo unakotoka.

Usijaze injini hewa ya pampu ili iwe na nguvu zaidi. Injini kubwa za kiwandani zinafanya hivyo ndani ya chuma kinene kilichopimwa. Kopo la bati litapasuka, na hewa yenye mgandamizo ikikutana na oili kwenye chuma cha moto inalipuka. Kwa hiyo hiyo sababu usiweke oili ndani ya kopo la moto, oili inaishia kwenye bushi. Ukitaka kufika huko mtafute mhandisi anayejua vyombo vya mgandamizo, hata kama umeshatengeneza injini kumi.

Usikate mtungi wa gesi au pipa lililowahi kuwa na mafuta ili upate silinda nzuri, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke unabaki kwenye mishono.

Na ukifika pale ambapo kila kitu kiko sawa ila pistoni ya chuma uliyotengeneza inavuja ukiipunguza na inashika ukiizidisha, acha kupiga msasa. Peleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, mpe silinda yenyewe mkononi badala ya vipimo kwenye karatasi, mwambie unataka pistoni inayoshuka yenyewe taratibu kwa uzito wake silinda ikiwa wima, na ukiziba tundu la chini kwa kidole isimame isishuke. Fundi mzuri ataelewa hapohapo, na ukiwa naye mwombe akutengenezee na bushi ya disiplesa siku hiyohiyo.